Kinu Hakileti Muhogo

Mvua ilikuwa inapiga mtaa mzima wa Kimemi, Butembo, lakini mama aliyeingia kwa mshauri Lusenge alikuwa na viatu vikavu.

"Eh, mama!" alishangaa mzee Gamaliel kwenye benchi ya kungojea, suruali yake ikichuruzika maji. Alikuwa mgeni, amefika jana tu kutoka Beni. "Wewe, mvua inakuogopaka?"

"Inaniheshimu, papa. Kupita bwana yangu."

Benchi ikacheka. Gamaliel akauona mfuko wa safari.

"Na uko unaenda wapi?"

"Mutwanga, kwa mama yangu."

"Ile barabara ya mauaji? Sasa hivi, mama, mutu anaipita akiwa ameshatubu."

"Basi nitatubu. Kama hapana mutu wa kunikataza, naenda."

Akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

Lusenge, aliyepokea watu nyumbani kwake, alisifika toka Butembo mpaka Beni. Watu waliokimbia mauaji, waliokosa usingizi, waliokosa hata machozi, aliwasikiliza mpaka ukuta ukachoka. Wengine wanaapa kwamba mjusi wa pale darini alijifunza kuitika "mm" kwa kumsikia yeye. Ila alikuwa na sheria yake: mushauri hapana kutoa shauri. "Mimi ni kinu tu," alizoea kusema. "Muhogo, leta wewe." Ukimpa swali, alikurudishia swali lako, limepanguswa vumbi. Na watu walipona, ndiyo ajabu.

Mama aliketi, akaweka mfuko miguuni.

"Docteur, leo naenda. Pick-up iko inaningojea kule inje."

"Unaenda," alisema Lusenge.

"Ndiyo, njo nimesema vile. Tangu mutoto wetu alikufia Bungulu, kule Beni, bwana yangu hapana tena kuongea na mimi. Batu bote anabasikilizaka, lakini mimi ananipa kisogo. Jina ya mutoto hataki kuisikia mu nyumba. Hata kumuita baba ya fulani, vile batu balikuwa banamuitaka, alikatala. Ukimuita vile, anatoka inje."

"Inakuuma."

"Inaniuma? Docteur, inanikula!"

Lusenge aliitazama mikono yake. Darini mjusi akaitika.

"Sitaki maneno mingi," mama aliendelea, sauti imeshuka. "Niko nataka neno moja tu: bakia. Akisema bakia, huu mufuko nitaufungua hapa hapa, nguo zirudi mu kabati. Ataisema, docteur?"

Mvua ilipiga bati.

"Na wewe," alisema Lusenge, "unaona nini?"

Mama alicheka, kicheko kisicho na meno.

"Mimi muhogo nimeleta, docteur. Kila Alhamisi naleta, natwanga, natwanga. Njo kinu yenyewe imetoboka."

Huko nje pick-up ilipiga honi. Lusenge alifungua mdomo. Juu ya kiti kile cha mama alikwisha kuona wanaume wakubwa wakifunguka kama milango. Alijua jinsi neno linavyoanzia tumboni, linavyopanda, linavyokwama. Alijua yote. La kwake lilifika mpaka kwenye meno.

"Unajisikia namna gani," alisema, "ukifikiria kuondoka?"

Honi ililia tena, ndefu.

Mama alisimama. Alifungua fundo la kikwembe chake kiunoni, akatoa ufunguo wa nyumba, akauweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Lusenge alinyoosha mkono. Mkono ulisafiri nusu ya meza, ukarudi.

"Foufou ya muhogo iko mu sufuria, nimeifunika," mama alisema, mfuko tayari begani. "Bakia muzuri, Baba Élise."