Chaza wa Elisante

Elisante aliisogeza sahani ya ugali pembeni kwa kidole kimoja.

"Nimeshiba, mke wangu. Nimekula chaza."

Edna akabaki na mwiko mkononi. Mtoto wa Upareni, aliyekuzwa kwa makande, leo anashiba chaza!

"Chaza sita," mumewe akaendelea, macho yakimng'aa, "hawafiki kalori za nusu chapati. Lakini humo ndani, Edna! Protini, madini ya chuma, vitamini ya damu. Na zinki. Hakuna chakula kinachomshinda chaza kwa zinki."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Watu. Watu gani hao?

Kazi ya Elisante ilikuwa kufungua chaza jikoni mwa hoteli moja huku kwa Waarabu, Al Barsha, kwa kisu kifupi na glavu nene. Tangu aanze alikuwa akiwasema vibaya: makamasi ya bahari ndani ya jiwe. Sasa ghafla shefu anamwachia wale wanaobaki kwenye barafu, naye anawameza kwa ndimu kama tajiri. Tena sigara kaacha. Kitambi kimeyeyuka. Suruali za kubana kazigawa zote, kanunua pana za kitambaa, anatembea kama bwana harusi.

Mwanamume anayehesabu kalori, Edna akajiambia, ana mtu wa kumvulia shati.

Asubuhi alimeza kidonge chake na chai, akaenda kazini na wivu wake. Alikuwa akifanya kazi za ndani kwa madam mmoja, ghorofani, hukohuko Al Barsha. Madam hakuwa mtu mbaya, ila maneno yake yalikuwa machache. Resty, Mganda aliyekuwapo kabla ya Edna, alipoanza kuvaa magauni mapana, madam alimtazama tumbo mara moja tu. "Khalas, Resty. Tiketi." Siku iliyofuata Resty akarudishwa kwao, aproni yake ikawa ya Edna.

Mchana, akipanga vikombe, alifungua ujumbe wa sauti wa mama mkwe kutoka Same.

"Edna mwanangu, mwaka wa nne huu. Hata kichefuchefu? Leah wa hapa kanisani kaolewa juzijuzi, keshapata mapacha. Mimi sikusemi, lakini mwanangu ni mwanamume. Atachoka."

Atachoka! Edna akaizima simu. Pengine keshachoka. Pengine anayemsifia zinki keshampa na jina la mtoto.

Jumapili walipotoka kanisani, mumewe alijificha nyuma ya pazia la chumba chao na simu sikioni. Lakini pazia ni kitambaa, na mwanamke wa upande wa pili wa simu alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. Mkenya.

"Elisante! Umekula chaza wako leo? Good boy. Jumanne usichelewe, na usiniletee story."

"Siwezi kuchelewa, dada yangu. Usiku silali nikiwaza."

Halali akiwaza! Edna akakaa kitandani taratibu, kama mtu aliyebeba maji ya moto. Akamwona yule mwanamke bila kumwona: kucha ndefu, kiuno cha nyigu, amejilaza kwenye sofa akimlisha mume wa mtu chaza mmoja mmoja.

Jumanne akamdanganya madam kwamba jino linamuuma. Akamfuata mumewe kwenye metro, yeye kajibanza behewa la wanawake. Kituo cha Oud Metha Elisante akashuka, akavuka barabara bila kugeuka nyuma, akaingia jengo moja na kupanda lifti. Edna akatazama lifti imesimama ghorofa ya ngapi, akapanda ngazi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, tayari kwa lolote.

Akausukuma mlango.

Hapakuwa na sofa. Palikuwa na viti vya plastiki, harufu ya dawa, na picha ya mtoto mnene ukutani. Elisante alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Mbele yake alisimama mama wa makamo, mpana, ndani ya sare ya uuguzi.

"Ni wewe unayemlisha mume wangu chaza?"

"Ni mimi. Sister Virginia," mama yule akajibu bila haraka. "Vaa kiatu, my dear, sakafu ni baridi."

Elisante aliinuka. "Edna. Nilitaka nikwambie nikishapona."

"Upone nini?"

"Mama anakusema wewe kila siku. Nikajiuliza, na kama ni mimi? Nikaacha sigara na suruali za kubana, nikala walichoniambia nile. Na jana nimempigia mama, nimemwambia tatizo ni langu. Kalia sana. Lakini hatakusema tena."

Kiatu kikamponyoka Edna.

Sister Virginia akamtazama Elisante, naye akatikisa kichwa kukubali. "Basi sikieni wote wawili. Majibu yametoka. Mbegu zako ziko sawa, bwana. Nyingi, na zina mbio."

Elisante akajifunika uso kwa mikono yake iliyojaa makovu ya magamba ya chaza, akalia huku anacheka. Edna akamshika bega. Wivu wote ukamtoka, akatamani kupiga magoti palepale na kumwomba radhi.

Sister Virginia akavuta kiti, akampigapiga Edna gotini.

"Sasa umebaki wewe, mama. Swali la kawaida tu, tunauliza kila mtu: kuna vidonge vyovyote vya kuzuia mimba unavyotumia?"

"Huyo, Sister?" Elisante akacheka, akijifuta machozi. "Huyo anaombewa mtoto kila Jumapili."

Edna akaubana mkoba kwapani. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, alikuwa amemeza kidonge chake na chai.