Kengele ya Reli

Tarehe 11 Machi 1979, Jumapili. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu, na ukungu ulifunika kanisa la zamani la Nyantakara hadi madirishani.

Kengele ya kanisa hilo ilikuwa kipande cha reli kutoka mgodi wa dhahabu uliofungwa. Akifa mtu, Pancras, mtunza kengele na daftari la ubatizo, alikigonga kwa nyundo, pigo moja kwa kila mwaka wa marehemu. Siku hiyo marehemu alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyeuawa vitani. Habari zilifika jana yake, mwili haukuja.

Aligonga taratibu. Kila pigo lilipukutisha kutu, ikamwangukia mikononi, ikaloa na kumtia wekundu hadi kwenye kucha. Akina mama walihesabu kwa vidole.

Pigo la kumi na sita likalia. Pancras akateremsha nyundo.

"Bado matatu, ndugu yangu," mzee wa kanisa alimnong'oneza. "Si ulisema ana kumi na tisa, siku ile ya kuandikisha askari?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Alinililia nimruhusu aende. Nami nikaona fahari, nikamwongezea miaka mitatu." Akaigusa ile reli. "Hapa siwezi kumwongezea."

Mkewe, aliyeyajua hayo na kunyamaza, alifunika uso kwa kanga.

Pancras akavua kofia, akawageukia watu wote.

"Alhamisi waandikishaji wanarudi. Nisikieni, ninyi ni mashahidi wangu. Nitasimama pale mezani na daftari la ubatizo, na kila mtoto nitamtajia miaka yake ya kweli, hata baba yake akinichukia."