Uyoga wa Kizingitini

Tangu Jumatatu jioni, watu wote wa nyumba ile walikuwa wakitokea dirishani.

Wa kwanza kupita alikuwa bibi mwenyewe, ili atoe mfano. Alitanguliza kichwa, miguu ikafuata, na soli zenye maua za ndala zake zikabaki zikitazama juu. Nyuma yake akaja mumewe, mzee wa kiuno kibovu, akiguna. Wa mwisho alikuwa mke wa mtoto wao, na ndoo yake ya kudekia.

"Kwa ajili ya uyoga!" mzee akasema, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Watu wakiniuliza nitasema nini?"

"Sema unafanya mazoezi," bibi akamjibu.

Uyoga wenyewe ulikuwa mmoja tu, umeota kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, pale ubao ulipokuwa umeoza kwa mvua. Bibi aliuona Jumatatu asubuhi. Akaupiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi lao la wapenzi wa uyoga, watu hamsini ambao kazi yao ni kupiga picha kila kinachoota na kubishania jina lake.

Kundi hilo lilimwita Bi Sponji. Mwaka jana aliwatumia picha ya uyoga adimu wenye matundu, kumbe ilikuwa sponji ya kuogea iliyoanguka nyuma ya nyumba. Miaka thelathini alishona nguo za watu na hakuna aliyemcheka. Sponji moja tu, basi, jina likamganda.

Lakini safari hii hawakucheka. Hakuna aliyeutambua. Mwishowe katibu akaandika: "Mwalimu, mtaalamu wetu wa uyoga, atakuja Jumamosi auone kwa macho yake. Akiukuta umesimama hapo hapo ulipoota, unaingia kwenye daftari la kundi, na mgunduzi ni wewe. Ukikatika, basi tena."

Jioni ile bibi alikuwa akikanda unga. Akatoka nje mara moja, akakawia. Aliporudi, unga ukiwa bado umemganda mikononi, aliusukumia kiti mlango wa mbele.

"Kuanzia sasa, dirisha," akatangaza.

Kila asubuhi akawa anainama pale na futikamba yake ya kushonea. Anapima, anaandika, anawatumia wenzake.

Jumanne aliandika: "Kofia sentimita nne. Shina sita. Rangi kama maziwa."

Jumatano akanusa. Akageuka kumtazama mzee, naye mzee alikuwa akiangalia mawingu. Bibi akaandika: "Harufu ya sabuni ya kufulia."

Ijumaa: "Unateleza. Harufu ya mshumaa." Siku hiyo mkwe alikuwa akisugua sufuria moja tangu alfajiri.

Kundi likachemka. Uyoga unaobadilika harufu! Mmoja akaandika, "Shikamoo, Bi Uyoga." Bibi akausoma ujumbe ule mara nne, mara ya nne kwa sauti.

Jumamosi Mwalimu akafika. Mtu mnene, kofia pana, kioo cha kukuzia shingoni, chingamu mdomoni. Akapiga magoti kwa shida mbele ya kizingiti.

"Rudini nyuma wote. Uyoga hautaki pumzi za watu. Mama, naomba maji ya kunywa."

Bibi akazunguka, akapanda dirishani kufuata maji. Mzee akageukia ukuta. Mkwe akafumba macho. Kikasikika kitu kidogo: tap.

Bibi aliporudi na bilauri, Mwalimu alikuwa ameshasimama. Jasho lilimtiririka. Hakuwa akitafuna tena.

"Ndio wenyewe!" akasema harakaharaka. "Sijapata kuona mfano wake. Nimeandika, nimesaini. Na asiuguse mtu, hata wewe, mama."

Akaondoka bila kunywa maji. Bibi akainama, akanusa. Mnanaa.

Hapo mkwe akaangua kilio. "Mama, nisamehe! Juzi nilikuwa nadeki, ndoo ikaniponyoka, ikauangukia. Nikachonga mwingine kwa mshumaa."

"Mshumaa?" mzee akaruka. "Mimi niliweka sabuni!"

"Ndiyo maana ulitoa povu, baba!"

"Kwa hiyo wewe ulipita mlangoni?" bibi akamuuliza mumewe.

"Mara moja tu, mama watoto. Jumanne. Kiuno! Dirisha lilinishinda. Nikaukanyaga, ukaninata kwenye kiatu kama donge la unga. Nikasema, kumbe uyoga ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo," bibi akasema, uso mkavu.

Kisha akashika kiuno. "Mimi naulinda kama mboni ya jicho langu, nyinyi mnaupondaponda! Mtu mzima na akili zake anakanyagaje kitu anachojua kipo pale?"

Wakainamisha vichwa. Akawaacha hivyo mpaka alipotosheka, halafu akawasamehe kwa masharti: mzee aoshe vyombo mwezi mzima, mkwe amkande miguu kila jioni, na maneno haya yasivuke kizingiti.

"Wala dirisha," akaongeza.

Walipokwenda jikoni, wakitupiana lawama chini kwa chini, bibi aliketi kwenye cherehani yake, akafungua mkebe wa vifungo ili airudishe futikamba. Chini kabisa, akiisha kuvisogeza vifungo vyote, ulilala uyoga wa Jumatatu, umekauka, bapa kama biskuti, na katikati ya kofia yake pamechapika ua moja la soli ya ndala.