Wasomi wa Jikoni

Kengele ilipolia, Tirzah alikusanya karatasi zake za nyimbo akajichanganya na wenzake kana kwamba naye ana somo jingine la kuwahi. Hakuwa nalo. Alipofika penye bomba la maji alijifanya ana kiu. Aliinama, akanywa taratibu mpaka milango ya madarasa ikafungwa na korido nzima ikanyamaza. Ndipo akatokea mlango wa nyuma, ule wa kupokelea mizigo ya jikoni, ambako mama yake alikuwa akimngoja ndani ya pikapu.

"Leo je, umepata wa kuongea naye?" mama aliuliza.

"Wapo tele, mama. Twende."

Mama yake alikuwa amewasomesha watoto wake wote nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, na aliwasomesha vizuri. Lakini kaka zake Tirzah walikwisha kuoa wakaenda zao, na nyumba ile iliyozungukwa na mashamba ya viazi ikabaki na watu wasioimba. Baba aliimba kama trekta. Mama hakujaribu kabisa. Basi Tirzah alipotimiza miaka kumi na sita aliomba jambo moja tu, kwaya, na shule ya serikali ya mjini ikakubali aje kwa somo hilo kisha arudi kwao.

Ilikuwa shule kubwa, yenye watoto wa vijiji vingi vya jimbo la Idaho, Marekani, na sura ngeni haikumshtua mtu. Mwalimu Okerlund wa kwaya alijua habari zake, lakini hakuwa mtu wa kutangaza ya watu. Wanafunzi hawakujua. Tirzah alitaka iwe hivyo. Alisimama katikati yao akaimba, na kwa muda ule mfupi alikuwa mmoja wao. Wimbo ukiisha, kila mtu alikuwa na mtu wake, naye alibaki akipanga karatasi zilizokwisha kupangika.

Aliyemsemesha alikuwa Hadley peke yake, msichana mrefu wa safu yake, mwenye ulimi mkali. Hadley aliingia darasani dakika ya mwisho kila siku, koti mwilini, kama mtu asiyeogopa mwalimu. Hakuna alichokijali.

"Hesabu anakufundisha nani?" Tirzah alimwuliza siku moja, ili tu mazungumzo yasife.

"Mzee mmoja hivi, hata kumtaja sitaki. Wewe je?"

"Wangu naye ni hivyo hivyo."

"Pole, mwenzangu," Hadley alisema, wakacheka wote wawili.

"Na chakula, unakula zamu ya kwanza?"

"Vile viazi vyao vya mafuta? Nani ale! Mimi bwaloni sikanyagi."

Tirzah alimwonea wivu. Alitamani naye aweze kulidharau bwalo ambalo hakuwahi kuingia.

Likizo ya kuvuna viazi ilipokwisha, Mwalimu Okerlund aliwaambia kwamba bodi ya shule ilitaka kuwaondoa wanafunzi wa somo moja. Mtu asome kutwa nzima, la sivyo abaki kwao. Aliwaomba wanakwaya waje kwenye mkutano.

"Kwani wapo?" mvulana mmoja wa sauti nzito aliuliza.

"Wasomi wa jikoni hao!" Hadley alidakia. "Wanafundishwa hesabu na mama zao huku supu inakorogwa. Wakifika hapa wanadhani kengele ni ya moto."

Darasa zima likaangua kicheko. Tirzah naye alicheka, akacheka zaidi ya wote. Siku hiyo alinywa maji bombani mpaka tumbo likamuuma.

Jioni ya mkutano ukumbi wa michezo ulijaa. Tirzah aliketi nyuma kando ya mama yake, ambaye alikuwa amemwambia mara moja tu, "Sitakulazimisha, mwanangu." Safu chache mbele yao aliiona kofia nyekundu ya Hadley, pembeni ya mwanamke mwenye uso wa uchovu. Akisema, Hadley atasikia, na kesho darasa zima litakuwa na la kuchekea. Asiposema, kesho hakuna darasa.

Mwenyekiti wa bodi, mfugaji mmoja mwenye masharubu, aligonga meza.

"Tunaambiwa kuna watoto wataonewa. Mimi sijamwona hata mmoja. Kama yupo humu, asimame tumwone."

Mtu akakohoa. Mkono wa mama haukumgusa.

Tirzah alisimama. Akashika kiti cha mbele yake.

"Mimi hapa. Nasomea nyumbani. Nakuja kwa kwaya tu." Akamtazama mwenyekiti. "Nyumbani naimba sauti ya pili. Ya kwanza hakuna wa kuiimba. Sina zaidi ya hilo."

Mtu fulani alicheka puani. Kofia nyekundu iligeuka. Hadley alikuwa akimtazama, mdomo wazi.

"Ahsante, binti," alisema mwenyekiti, bila ukali. "Lakini elewa, bodi haiwezi kupanga ratiba ya shule nzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Au mko wengi?"

"Hapana, mzee," Tirzah alisema. "Niko peke yangu."

Hadley akasimama, uso umemwiva, huku yule mwanamke akimvuta koti aketi.

"Mwongo huyo," alisema. "Tuko wawili."