Sanamu ya Glen Burnie

Delmar Purvis alikuwa kando ya barabara kuu ya Glen Burnie, kwenye baridi ya Februari, kavaa gauni la kijani na taji la sponji, anawapungia wenye magari mwenge wa plastiki. Lori likimpigia honi, anacheza kidogo. Ndiyo kazi yenyewe. Msimu wa kodi ukifika, maduka ya kuwajazia watu fomu humvalisha mtu kama ile sanamu ya bandarini New York, na kumsimamisha nje kuita wateja.

Na huyo anayewaita wenzake wakamalizane na kodi, kodi yenyewe inamdai yeye.

Delmar ni fundi wa viyoyozi, fundi kwelikweli, ila makaratasi hayawezi. Alijiajiri miaka miwili, hakupeleka hata fomu moja. Sasa kapata kazi kwenye lile jengo la vioo vyeusi la idara ya siri ya serikali, huku kwetu Odenton, na mle ndani hata mzibua choo lazima awe na kibali cha usalama. Mwenye deni hapewi. Wanasema mtu anayedaiwa hachelewi kununuliwa. Nani angemnunua Delmar apate siri za feni, mimi sijui. Basi wakampa mpaka Pasaka ajisafishe, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Gauni limekukaa kuliko lilivyonikaa mimi la harusi," mkewe Nadine alimwambia.

"Cheka tu. Ila Royce asijue habari za gauni."

Royce Tuttle ni jirani yao. Odenton ukimuuliza mtu anafanya kazi wapi, akikujibu "serikalini," unajua ni mle kwenye vioo vyeusi, unageuza maneno, mnaongea habari za mvua. Ndiyo adabu ya huku. Na Royce alikuwa akilisema neno hilo kwa sauti ya chini, miaka na miaka, mpaka watu wakawa wanampisha kiti. Watu wakiketi kula kaa wa kuchemsha, kichwa cha meza ni chake.

"Delmar, bwana, fundi mzima unakimbizana na watu wa kodi?" alimtania mbele za watu, anavunja gando. "Kule kwetu mtu wa hivyo hata getini hafiki."

"Ndiyo najisafisha, kaka."

"Usijali. Wapelelezi wakija kuuliza habari zako, nitakusemea. Neno langu moja tu, wewe umepita."

Wapelelezi kweli hupita nyumba kwa nyumba. Akaja dada mmoja mwezi wa tatu, anauliza: anakunywa? Anacheza kamari? Ana wageni wa kutoka nje? Kwa Royce akagonga mpaka akachoka. Gari halipo, pazia limeshushwa.

"Mkubwa kama yule akahojiwe na msichana?" mama wa nyumba ya pili akasema, na mtaa mzima ukaona sawa. Ni watu haohao walioiona shingo ya Royce imeungua jua, wakati mle kwenye jengo hakuna dirisha la kufunguka, wakasema labda wanamtuma jangwani.

Delmar akaendelea kucheza barabarani. Boti yake ya kuvulia akaiuza huku anajifuta machozi ya bure, na wale wa ofisi ya kodi akawangoja kwenye simu akisikiliza muziki wao mpaka akaanza kuupiga mluzi usingizini. Deni likaisha. Kibali kikatoka wiki moja kabla ya Pasaka. Alipoapa kwamba ya mle ndani hatayasema, Nadine alilia.

Siku ya kwanza akitoka kazini alipitia kwa Mama Gallo, mwenye lile duka la fomu za kodi, kurudisha gauni.

"Usiniachie mimi," Mama Gallo akasema. "Lipeleke tawi letu la Dundalk. Mzee wangu wa kule lake limechanika mgongoni. Huyo ndiye mfanyakazi, sio nyie wa msimu. Kodi ikiisha, ananivalia godoro nje ya duka la magodoro la shemeji yangu. Mwaka wa kumi na tano huu."

Huko Dundalk, Delmar akamkuta mzee yuko kazini, kampa mgongo, anaurusha mwenge juu na kuudaka, madereva wanashangilia. Alijisikia aibu kwa jinsi yeye alivyokuwa akicheza ovyo.

"Mzee, shikamoo," akamwita. "Nimekuletea gauni zima."

Sanamu ikageuka. Alikuwa Royce Tuttle.

Wakatazamana. Lori likapiga honi, hakuna aliyelipungia. Royce akaitazama ile kadi mpya ya kazi shingoni mwa Delmar, akasogea karibu, akavua taji.

"Ndugu yangu," akasema taratibu, "hebu niambie. Mle ndani kukoje?"