Tapeti ya Mwisho

Kwa miaka injini ya gari la Makame iligonga ta-ta-ta, naye hakujali. Mkewe, Hidaya, aliisikiliza ikikata kona, kisha ikizimwa mlangoni kwa mjane wa mtaa huohuo. Mtaa mzima uliisikia.

Leo ameifungua uani, abadilishe tapeti zinazogonga, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali.

"Kelele zimenichosha," alisema, kichwa ndani ya boneti. "Lete nyingine."

Hidaya alimpa tapeti mpya moja baada ya nyingine, kila moja ameichovya kwenye oili. Ya mwisho aliitoa kwenye beseni la zile mbovu, akaifuta mpaka ikang'aa.

"Hii hapa, Baba Nasri."

Makame akaipachika bila kuitazama. Akafunga injini, akawasha.

Ta. Ta. Ta.

"Umenipa zote?"

"Zote."

Hidaya akakaza fundo kwenye pindo la kanga yake. Oili ya tapeti mpya ilikuwa imeanza kupenya.