Konokono wa Lusweti

Lusweti alikuwa amepiga magoti nyuma ya choo cha jirani yake Okumu, mvua ikimnyeshea mgongoni, akibandua konokono ukutani mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo. Kifuniko cha ndoo alikitoboa mwenyewe kwa msumari.

"Hata kwangu unawasaka?" Okumu alimcheka kutoka mlangoni.

"Huu ukuta wako hauwazuii, bwana. Kesho wote watakuwa kwa maua ya mama mkwe."

Mtaa mzima wa Langas ulijua habari za maua hayo. Yanaitwa helebori, maua ya nchi za baridi, yanainamisha vichwa kama waumini wakati wa sadaka. Mama mkwe wake, Maximilla, aliyaleta kutoka Plateau, akayapanda mbele ya dirisha la Lusweti, kisha akasimama langoni na kutangaza masharti.

"Yakifa, nitajua msichana wangu aliolewa na mzembe. Yakifika Jumapili yakiwa mazima, nahamia hapa niyatunze mwenyewe."

Kwa mila zao, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Maximilla alikuwa ameshapata njia: mila haikusema lolote kuhusu kibanda cha mtunza maua. Mabati yake tayari yalikuwa yameegemezwa kwenye uzio.

Basi Lusweti hakutulia. Mbuzi wa Okumu alipoingia, akaonja jani moja na kulitema, Lusweti alimtazama kwa uchungu wa kweli. Fuko alipochimba hadi karibu na mashina kisha akageuza njia, Lusweti alikosa hata hamu ya chai. Majirani walimhurumia. Mwanamume wa kumjali mama mkwe kiasi hicho, walisema, ni wa kutafutwa kwa tochi.

Jumamosi jioni mkewe, Rosebella, alimletea pakiti ya chumvi.

"Baba Marvin, si uwamwagie hii wafe?"

"Chumvi ni ya mboga," alisema Lusweti, akaikumbatia ndoo.

Rosebella akarudi ndani amefurahi kweli. Alikuwa amepata mume, si mchezo.

Lusweti alingoja mlango ufungwe. Akainama kwenye maua, akafunua ndoo, akawamwaga konokono wote juu yake.

"Kuleni, jamani," akawasihi. "Kesho ni Jumapili."